Paa la asbestosi: livunjwe au liachwe?

SWALI: Mhariri, nyumba tuliyorithi hapa Changamwe ina paa la asbestosi, na kingo zake zimeanza kumomonyoka. Fundi anataka kulivunja kwa nyundo. Je, kuna hatari? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali mzuie fundi huyo leo hii. Asbestosi ni madini yenye nyuzi, yaliyochanganywa na saruji kutengeneza mabamba ya paa. Paa lililo zima halina hatari kubwa. Balaa huanza linapokatwa, linapotobolewa au linapochakaa, kwani hapo hutoa nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo zikivutwa hukwama mapafuni na huweza kuleta saratani, mara nyingi baada ya miaka 20 hadi 40, wakati mtu ameshalisahau kabisa lile vumbi. Hata anayezifua nguo za fundi huweza kuzivuta nyuzi hizo, jambo ambalo wengi hawalifikirii.

Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani bado yapo. Waulizeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wawaelekeze kwa mkandarasi mwenye leseni: mabamba hulowanishwa, hufunguliwa yakiwa mazima, hufungwa kwa plastiki nzito, kisha huzikwa mahali palipoidhinishwa. Kwa sasa, vumbi lililoanguka msilifagie likiwa kavu, wala vipande msiwagawie majirani waezekee banda la kuku.