Mkuu, usimpe yule mzee hata shilingi kabla hujasaga jiwe ulilolivunja mwenyewe

Umeuliza ununue pampu ya maji ipi na karasha, ile mashine ya kuvunja mawe, ya aina gani; acha kwanza hayo. Umeandika kwamba kuna mzee kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, anavaa tochi kichwani mchana kweupe, analamba jiwe na kukwambia limebeba nini, na kijiji kizima kinamwita mtaalamu. Alikusagia jiwe mbele yako, akalikamatisha kwa zebaki, akachoma, dhahabu ikabaki kijikoni. Sasa anataka milioni tatu akupe asilimia 20 ya duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, na Jumamosi unampelekea. Usipeleke. Hela kama hiyo nimeshaitoa, kwa mzee wa aina hiyo hiyo, kwa jiwe lililosagwa mbele ya macho yangu.

Machimbo mengi yana mzee wa namna hii, na si kwamba hajui kitu. Kulamba jiwe si uganga: jiwe likilowa linaonyesha punje na rangi zilizokuwa zimefichwa na vumbi. Anatafuta mwamba mweupe wenye kutu, uliotobokatoboka kama sega lililokamuliwa asali, kwa sababu kwenye vile vitundu palikuwa na pairaiti, madini yanayong'aa kama dhahabu, iliyooza na mara nyingine ikaacha dhahabu nyuma. Akiona kinachong'aa anakigonga kwa nyundo. Dhahabu inabapa, pairaiti inasagika kuwa unga mweusi. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yanayokufanya umwamini akifika kwenye uongo. Anaimba huku anatwanga, anawatania vijana wa duara, anataja rashi zote alizopitia, yaani sehemu watu walikokimbilia dhahabu iliyogunduliwa. Wewe unamtazama usoni, mikono inafanya kazi yake.

Umesema zebaki aliimimina kutoka kwenye kichupa chake. Hapo ndipo ulipopigwa. Zebaki iliyokwisha kutumika, hata ikikamuliwa kwenye kitambaa, hubaki na dhahabu ndani yake. Mwekee mchanga wa mtoni badala ya jiwe, na bado atakuchomea kitu cha njano. Na ule moshi ulioinamia ili uone vizuri ni sumu ya mishipa ya fahamu, usirudie kabisa.

Hata bila zebaki njia zipo. Kinu kilichotwanga jiwe zuri jana kina dhahabu kwenye mikwaruzo yake leo. Unga wa dhahabu unakaa chini ya ukucha, unadondoka wakati anachanganya maji. Ukiwa na lenzi, angalia punje: dhahabu ya mwamba ina kingo chakavu na mara nyingi imeng'ang'ania vipande vya jiwe, ila iliyopigwa tupa imejikunja na ina mistari iliyonyooka. Ikiwa imetoka kwenye pete, huenda ikawa nyekundunyekundu kwa sababu ya shaba.

Lakini mzee simlaumu sana kama ninavyomlaumu dalali anayekupeleka kwake. Huyo ndiye anayekwambia "umeona kwa macho yako, sasa unangoja nini?" Anajua kichupa kina nini. Kamisheni yake anaikata kwenye milioni tatu zako siku unayotoa, siyo siku mwamba unapolipa. Kunyima usingizi mtu aliyeuza shamba kwa ajili ya hiyo hela ni roho mbaya, na nitalisema kila nikiona uzi kama huu.

Fanya hivi. Shuka mwenyewe kwenye duara na moko, yaani patasi ya chuma ya kuchimbia mwamba, na nyundo. Bandua kwanza ganda la juu la mwamba, maana unga unaweza kurushiwa pale usiku. Kisha kata mfereji wa upana wa kiganja, kutoka ukingo mmoja wa mwamba hadi mwingine, usichague sehemu yenye kutu nzuri tu. Rudia sehemu tano, kilo mbili au tatu kila moja, kila moja mfuko wake mpya, ufunge, usiuachie mtu hata ukienda kujisaidia. Kinu na karai viwe vyako. Karai ioshe kwa sabuni, kwa sababu mafuta hufanya dhahabu ya unga ielee na kuondoka na maji. Halafu, kabla ya sampuli, twanga jiwe tupu ulilookota mbali na machimbo, uuoshe unga wake kwenye karai kwa maji yale yale utakayotumia. Ikionekana dhahabu hapo, kuna kitu kimechafuliwa, anza upya. Likitoka tupu, ndipo utwange ile mifuko, mmoja mmoja, bila zebaki, na uandike kila mmoja umetoa punje ngapi. Mfuko mmoja ukiwa na dhahabu na minne mitupu, una mfuko mmoja, huna duara.

Leseni: mwombe namba ya leseni ya uchimbaji mdogo, ile PML ya miaka 7, ukaulize kwa Afisa Madini Mkazi kama iko hai na ni ya nani. Na asilimia 20 ni ya nini? Ya mifuko ya mawe yanayotoka shimoni kabla mwenye leseni hajachukua yake, au ya dhahabu baada ya gharama? Iandikwe.

Pampu itategemea maji yako kina gani, lakini jua pia kwamba chini ya usawa wa maji ya ardhini mwamba mara nyingi haujaoza, dhahabu imefungwa ndani ya pairaiti, na kuosha kutakupa kidogo hata kama juu palilipa. Karasha sijakujibu, na sitakujibu kabla hujarudi na hesabu ya ile mifuko mitano.

Jumamosi nenda tu, ila ile milioni tatu iache nyumbani. Beba moko, nyundo, karai na kipande cha sabuni.