Jibu: Uchumi unakua, mbona Pwani hatuuoni?

Ndugu yangu, umeuliza mbona uchumi wa Kenya unasifiwa kukua na huku Kwale na Tana River mambo ni yaleyale. Chanzo si cha juzi. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896 ikielekea bara, na mashamba makubwa na miji ikaifuata huko. Kisha Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, sera ya serikali ya mipango ya uchumi, ukasema fedha ziwekwe kwanza penye mvua na ardhi nzuri, faida isambazwe baadaye. Hiyo baadaye ndiyo wewe unaiulizia.

Hata sisi wenye bandari tumeonja. Ilipoamriwa 2019 makontena ya bara yapande SGR, ile reli mpya ya kisasa, moja kwa moja hadi Nairobi, mitaa yetu ya Changamwe na Miritini iliumia: madereva wakakaa, gereji za matrela zikapoa, mama wa mahamri na mbaazi akarudi nyumbani na sufuria nusu. Mzigo ulishuka papa hapa, kazi yake ikaenda kwengine, hadi Septemba 2022 Rais Ruto alipoirudisha.

Dawa ipo kwenye Katiba ya 2010: mgao wa kaunti, na kifungu cha 204 chenye Hazina ya Usawazishaji, ya kuinua maeneo yaliyoachwa nyuma, nusu asilimia tu ya mapato ya serikali kuu. Kidogo mno, kwa maoni yangu.

Ila sisi wa Mombasa tusijitoe lawamani. Maji ya chemchemi ya Mzima yanatoka Taita Taveta, bomba linayaleta Mombasa. Waulize wa kule wamebakishiwa nini.