Barua kwa mwanangu aliyeko Ujiji: kabla hamjawajibu wale wa Berlin

Tabora

Mwanangu Asha,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Barua yako tumeisoma wote wawili. Unasema wewe na vijana wenzako mnataka historia ya Ujiji itoke makumbusho iingie mtaani, na kuna kikundi cha Berlin kimewaandikia kikitaka mshirikiane. Unauliza mnaanzia wapi, na kama mtu akishakuwa mwanaharakati bado ataaminika akizungumza habari za kale.

Ataaminika, mradi msichanganye ushahidi na madai. Andikeni karatasi mbili. Ya kwanza iseme nini kinajulikana, nani amesema, na wapi maelezo yanapingana. Ya pili iseme mnataka nini kifanyike. Mkubwa akiikataa ya pili, ya kwanza inabaki imesimama.

Chukua huo mnara wa Livingstone hapo kwenu. Kila mgeni anaambiwa Stanley alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Tarehe hiyo ni ya Stanley. Livingstone mwenyewe alikuwa amepotelewa na hesabu ya siku, na wanaolinganisha maandishi ya wawili hao wengine wanaona ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Basi kipeperushi chenu kiseme "Oktoba au Novemba 1871". Halafu dai lenu liwe moja na liwe dogo: majina ya Abdullah Susi na James Chuma, watumishi Waafrika wa Livingstone, yaandikwe pale. Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla ya mzee wake, na jambo hilo limo katika maandishi ya Stanley mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayesema mmelitunga. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, ambako leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliibeba maiti kuileta pwani. Walipofika Unyanyembe, yaani hapa kwetu Tabora, Oktoba 1873, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike huku huku. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Mtu anayetoa uamuzi wa namna hiyo si kivuli cha bwana wake, na ndiyo maana jina lake linastahili kibao.

Jambo jingine ambalo wageni hulikosea, na sisi wenyewe tunawafuata: si kila aliyepita njia ile ya misafara kati ya pwani na Ujiji alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, mzigo wa mtu karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na wakidhulumiwa ujira walitua mizigo na kutoroka. Mkiwaita wote watumwa mnafuta kazi yao. Mkiwaita wote wapagazi mnafuta minyororo. Pia msiandike idadi ya watumwa waliopita Ujiji kwa kuwa tu mmeisikia kwa mwongoza watalii.

Sasa mnaanzia wapi. Mimi ningeanza na ramani, wala si mahojiano. Kule Cape Town kuna makumbusho ya District Six, yaliyofunguliwa Desemba 1994, yanayohusu mtaa ambao watu wake walihamishwa kwa nguvu na serikali ya ubaguzi. Waliweka ramani kubwa ya mtaa sakafuni, na wenyeji wa zamani wakaja kuandika pale walipokuwa wakiishi. Makumbusho hayo yaliwasaidia pia walipodai ardhi yao.

Yenu ifanyeni ya merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Shoneni vipande mpate kitambaa cha mita 3 kwa 4. Kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 5, hapo mnaingiza eneo la kilomita moja na nusu kwa mbili, ambalo linatosha kwa Ujiji ya zamani. Mitaa ichukueni kwenye ramani huria za intaneti, muichapishe vipande vipande, mufuatishe kwa penseli. Chora barabara, misikiti na miembe mikubwa tu. Nyumba waachieni wazee. Siku ya kuitandika, upande wa ziwa uelekee ziwani kwenyewe. Wazee wengi hawaisomi ramani kwa kaskazini, wanaisoma kwa ziwa. Ukiigeuza, nusu saa yote itaishia kwenye ubishi wa nyumba ya fulani iko kulia au kushoto.

Maneno yaandikwe kwanza kwa penseli, kisha yadariziwe kwa uzi. Kalamu ya wino husambaa kwenye pamba na hupauka juani. Kudarizi kunachukua muda, na muda huo ndio faida yenyewe: wakina mama wakikaa na sindano saa mbili, yatatoka mazungumzo ambayo hakuna dodoso litakaloyatoa. Kuwe na mtu mmoja pembeni mwenye daftari, kila alama apewe namba na jina la aliyeitia. Wakipingana wawili juu ya kiwanja kimoja, zitiwe alama zote mbili, kila moja na rangi yake. Usiamue wewe. Na tangu mwanzo watangazieni kwamba ramani hii si hati ya ardhi, la sivyo mtajikuta baraza la kata mkitoa ushahidi wa kesi ya kiwanja.

Ramani ikishawaonyesha nani anajua nini, ndipo mwende kwa mmoja mmoja. Hapo Ujiji kuna swali linalochoma. Wamanyema wengi wazee wao walitoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa hiari na wengine wamefungwa. Usimuulize mtu mbele ya majirani kama babu yake alikuwa mtumwa. Muulize: wazee wenu walifikaje hapa, na walipofika walikaa kwa nani? Akitaka kusema, hapo pana nafasi. Akitaka kupita, atapita bila aibu. Likitoka, linabaki kwenye faili la familia mpaka wao waseme vingine.

Kuhusu ridhaa, sahihi moja chini ya karatasi haitoshi. Uliza maswali matano, kila moja na jibu lake: nikurekodi? niihifadhi sauti? niicheze hadharani? niitumie nje ya nchi? nitaje jina lako? Wengi watasema ndiyo kwa matatu ya kwanza na hapana kwa mengine. Asiyejua kusoma arekodiwe akijibu, na shahidi awepo. Anaweza kughairi baadaye, naye apewe namba ya simu ya kupiga. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hili halibaki kuwa adabu tu.

Kurekodi kwenyewe simu inatosha. Iweke hali ya ndege, uiweke juu ya kanga iliyokunjwa, si juu ya meza tupu, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Zima redio na feni. Masika chini ya bati msijaribu, mvua ikianza hamtapata hata neno. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na waliopo. Tumieni programu inayohifadhi kwa WAV, yaani sauti isiyobanwa: saa moja, chaneli moja, kilohezi 48 na biti 24, inakula karibu megabaiti 520. Mkitumiana kwa WhatsApp sawa, lakini asiwepo wa kufuta nakala ya asili akidhani ile ya WhatsApp ni ileile. Picha hasa hurudi zimepunguzwa na tarehe zake zimepotea. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu ikae nyumba nyingine kabisa. Hii ya tatu nileteeni mimi Tabora.

Hesabuni pia kuandika kilichosemwa. Saa moja ya sauti ni kazi ya saa tano au sita, na mzee akichanganya Kiha, Kimanyema na Kiswahili inazidi. Vikundi vingi hufia hapo: vimerekodi watu 40, havijaandika hata wawili. Rekodini wawili, muandike wawili.

Picha za zamani skanini kwa nukta 600 kwa inchi, muweke rula pembeni, murudishe picha siku hiyohiyo. Na mkiona mtu anapeleka cheti cha babu yake kupigwa laminesheni, mzuieni. Joto na ile plastiki havitoki tena, na karatasi inaharibikia humo humo.

Serikalini piteni mapema. Barua ya utambulisho ianzie serikali ya mtaa, kisha afisa utamaduni wa manispaa. Kibao chochote ndani ya eneo la makumbusho ni jambo la watu wa idara ya mambo ya kale, na kuchimba bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata kama mnachimba kwa nia njema. Ujiji na Kwihara ya hapa Tabora zimo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde katika orodha ya awali ya UNESCO ya njia ya watumwa na pembe tangu 2006. Orodha ya awali haileti fedha, lakini kwenye barua ni hoja nzuri.

Sasa hao wa Berlin. Wasikilizeni, kwa kuwa wenzao wamefanya kazi inayotuhusu. Mtaa wa Wissmann, ulioitwa kwa jina la Mjerumani aliyeuzima upinzani wa Abushiri huko pwani, tangu 2021 unaitwa kwa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa enzi za TANU. Ulibadilishwa baada ya wakazi na Waafrika wa huko kusukuma kwa miaka. Lakini msiende kwao mikono mitupu, na msikubali kuwa watu wa kupigiwa picha. Muwe na ombi mahususi. Mfano mnao hapo bandarini Kigoma: MV Liemba. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, yule aliyekuwa gavana Maji Maji ilipoanza mwaka 1905. Ikafunguliwa vipande, ikaletwa hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Habari za mainjinia zimeandikwa sana. Waombeni Wajerumani wapekue mafaili na magazeti ya kwao watafute vibarua: majina, malipo, ajali, picha. Ninyi mtafute familia zao hapo Kigoma. Kila upande una kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya.

Na vya bure msivipuuze. Shajara ya Livingstone ya 1871, aliyoiandika kwa wino wa mimea juu ya magazeti ya zamani, imepigwa picha kwa mianga maalumu na iko mtandaoni. Humo mna mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871, Umanyema kwenyewe, ambako leo ni Kongo, na alichoandika papo hapo hakifanani kila mahali na kilichochapishwa 1874. Someni pamoja na wazee, kwa Kiswahili.

Katika makubaliano yenu muandike: sauti ya asili inabaki Ujiji, nakala ya chochote watakachotengeneza irudi ndani ya siku 30, ndani ya diski, si kiungo cha intaneti tu, kila kinachochapishwa kiwe na Kiswahili, mzee aliyekataa kwenda nje asiende nje, na mtafiti wao akija, kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, akitafute yeye. Mikutano iwekeni saa 10 jioni. Kwao itakuwa saa 9 majira ya joto na saa 8 majira ya baridi, bado wako ofisini, na bando la mchana kwenu huwa na afadhali.

Barua yao ijibuni kwa Kiswahili, tafsiri iwe chini. Kabla hamjaituma nitumie niione, hasa hicho kipengele cha nakala kurudi.

Baba yako