Je, Kloni ni Mtu au ni Mali ya Aliyemlipia?

SWALI: Mimi na kaka yangu tuliangalia filamu ya The Island, ambamo matajiri hutengenezewa nakala zao ili siku ini au figo likiharibika wapate la kubadilishia. Kaka anasema kloni hana baba wala mama, ametengenezwa maabara kwa fedha za mtu, kwa hiyo ni mali ya aliyemlipia. Sikukubaliana naye, lakini nilikosa hoja. Je, kitaalamu nakala ya namna hiyo inawezekana? Na ikiwezekana, ina haki gani?

JIBU: Naomba nianzie maabara, kwa sababu hoja ya kaka yako imejengwa juu ya picha isiyo sahihi ya namna kloni anavyopatikana. Katika filamu hiyo ya mwaka 2005, watu hutolewa kwenye mifuko ya majimaji wakiwa wameshakomaa. Kwa uhalisia, mtaalamu hulishikilia yai kwa ncha ya mrija wa kioo chini ya hadubini, hulitoboa kwa sindano nyembamba kuliko unywele, hufyonza kiini chake, kisha huingiza seli kutoka mwilini mwa anayenakiliwa na kuziunganisha mbili hizo kwa mshtuko mdogo wa umeme. Yai likianza kugawanyika hupandikizwa katika mfuko wa uzazi, na kuanzia hapo mimba hiyo hubebwa kama mimba nyingine yoyote. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin huko Scotland, alitokana na seli ya kiwele cha kondoo wa miaka 6, lakini alizaliwa mwanakondoo mchanga. Vivyo hivyo, kloni wa mtu wa miaka 40 angezaliwa kichanga cha kunyonyeshwa na kubadilishwa nepi. Angekuwa pacha aliyechelewa kuzaliwa kwa miaka 40.

Pacha huyo asingerithi kumbukumbu za mwenzake, maana kumbukumbu hujengwa na ubongo kwa yale mtu aliyoyapitia, wala hazihifadhiwi katika DNA. Hata sura haina uhakika. Paka wa kwanza wa kloni, aliyepewa jina la CC, alizaliwa Texas Desemba 2001 kutokana na paka jike mwenye rangi tatu, lakini yeye hakuwa na hata doa moja la rangi ya machungwa, kwa kuwa kromosomu (uzi wa vinasaba ndani ya seli) iliyobeba rangi hiyo ilikuwa imezimwa katika seli iliyotumika. Mwenye kutaka kumrudisha mpendwa wake aliyefariki, kama filamu nyingine zinavyoahidi, angeletewa mtoto mgeni kabisa.

Sasa turudi kwa kaka yako. Kloni angekuwa na mama aliyembeba na kumzaa, na kwa upande wa vinasaba wazazi wake wangekuwa wale wale waliomzaa anayenakiliwa. Lakini hata tusipoutegemea ukoo huo, utu wa mtu hautokani na njia aliyopitia kuja duniani. Tangu Louise Brown alipozaliwa Uingereza mwaka 1978, mamilioni ya watoto wameanzia katika kisahani cha maabara, tena kwa gharama kubwa, na hakuna mahakama inayoweza kuitazama risiti ya hospitali ikasema kuwa huo ni ushahidi wa umiliki. Filamu yenyewe inalijua hilo: wateja wanaambiwa kuwa nakala zao hazina fahamu, kwa sababu muuzaji anaelewa kwamba ukweli ukijulikana biashara itakufa. Yupo mwanamke kloni anayejifungua, na muda mfupi baadaye anadungwa sindano ya kumuua huku mtoto akikabidhiwa kwa waliolipa. Mtazamaji hahitaji somo la falsafa kuelewa alichokiona hapo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, filamu za aina hii hujibu swali jepesi na kuliruka gumu, yaani bei inayolipwa kabla kloni hajazaliwa. Ili apatikane Dolly mmoja, mayai 277 yaliunganishwa na seli, na ni viinitete 29 tu, yaani mayai yaliyokwisha kuanza kugawanyika, vilivyofikia hatua ya kupandikizwa. Nyani wawili wa kloni waliotangazwa nchini China Januari 2018 walihitaji viinitete 79 na majike 21 wa kuvibeba. Weka wanawake mahali pa majike hao, uhesabu mimba zinazoharibika, kisha ujiulize ni nani angeweza kuliridhia jaribio hilo kwa niaba ya mtoto. Mwanasayansi wa Korea Kusini Hwang Woo-suk, aliyedai mwaka 2004 kuwa amepata seli kutoka kiinitete cha binadamu cha kloni, alibainika baadaye kuwa alighushi matokeo, lakini lililonishtua mimi zaidi ni kwamba baadhi ya mayai yalitolewa na watafiti wanawake waliokuwa chini yake kikazi. Hakuna bunduki wala helikopta katika kisa hicho, na labda ndiyo maana hakiigizwi.

Kwa upande wa sheria, Azimio la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu jenomu ya binadamu, yaani jumla ya vinasaba vyake, linasema kuzalisha binadamu kwa kloni ni kinyume cha heshima ya utu. Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko lake Machi 2005 kwa kura 84 dhidi ya 34, ila tamko hilo halizifungi nchi kisheria.

Mkiirudia filamu, tazameni tukio ambapo kloni anamvisha mtu aliyenakiliwa bangili yake ya utambulisho, na mwindaji anampiga risasi yule wa asili. Ni kweli kwamba marehemu alikuwa amemsaliti, lakini hakuna anayemlilia hata kwa dakika moja, kana kwamba si neno kufa kwake maadamu yuko mwingine mwenye sura ile ile. Hapo waandishi wa filamu wamekubaliana na kaka yako bila kujua.