Jibu: Turbini za upepo baharini hupitishwaje upande wa usalama wa vyombo, na jukwaa la gesi la Kivu lichukue nini humo

Ndugu mwanafunzi wa Goma, umeuliza mambo mawili: kule Ulaya mashamba ya turbini za upepo baharini hupitishwa vipi, yaani hupewa kibali vipi, upande wa usalama wa vyombo vya majini, na kama utaratibu huo unafaa kwa jukwaa la kuvuna gesi ya metani linaloelea ziwani Kivu mbele ya Goma. Waliotangulia kukujibu wameongelea uimara wa chuma na uzito wa nanga. Hayo yana wakaguzi wake. Mkaguzi wa usalama wa majini anaanza na swali jingine: kabla hujaja, nani alikuwa anapita hapa, saa ngapi, na ukishaweka chuma chako atapita wapi?

Nachukua mfano wa Uingereza kwa sababu masharti yao yameandikwa wazi. Waraka wenyewe ni MGN 654 wa mwaka 2021, wa mamlaka ya bahari inayoitwa MCA. Unadai vyombo vihesabiwe kwa siku zisizopungua 28, zigawanywe ili tofauti ya misimu ionekane. Na hesabu hiyo haikubaliwi kama imetoka kwenye AIS peke yake, kile kifaa cha redio kinachotangaza jina la meli na mahali ilipo, kwa sababu boti ndogo nyingi hazina. Inabidi kuongeza rada na macho ya watu. Dosie nyingi hukwama papo hapo. Kampuni inanunua data ya AIS ya mwaka mzima, inachora ramani yenye rangi nzuri, halafu wavuvi wanaingia kwenye kikao na kuuliza: sisi tuko wapi humu? Hesabu inaanza upya, na msimu mmoja umekwisha kupotea.

Sasa lete hiyo Kivu. Ukitegemea AIS utapata ziwa karibu tupu, wakati boti za Goma–Bukavu, za Minova, za Kalehe na za Idjwi zinapishana kila siku, na usiku kuna wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Umeona wanavyofanya kazi: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umeshushwa chini, taa zinawaka juu ya maji kuita samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, wengi wanabaki nyumbani. Mwezi ukiwa gizani, ziwa linajaa taa kama mji. Kwa hiyo siku 28 ukizipachika kwa bahati tu zitakudanganya. Mimi ningedai mzunguko kamili wa mwezi, siku 29 na nusu, mara mbili: mara moja kiangazi, mara moja wakati wa mvua, na siku za soko ziandikwe pembeni. Mtu mmoja mwenye darubini na daftari kwenye kilima, na rada ndogo ya boti iliyofungwa nchi kavu, vinatosha kuanzia.

Baada ya hesabu inakuja tathmini ya hatari. Mpangilio wake ni ule wa shirika la bahari la kimataifa, IMO, wa hatua tano: kutaja hatari, kuzipima, kutafuta njia za kuzipunguza, kulinganisha gharama na faida, kisha mapendekezo. Hatua ya kwanza haiandikwi ofisini. Unawakalisha manahodha, wavuvi, waokoaji na watu wa bandari meza moja, mnataja kila ajali inayoweza kutokea. Kuhusu umbali kati ya turbini na njia ya meli, Waingereza wana kipimo: chini ya nusu maili ya bahari (mita 926) haikubaliki, kati ya nusu na maili 3.5 mnajadiliana na unathibitisha umepunguza hatari hadi pale inapowezekana. Zaidi ya hapo hatari ni ndogo. Ncha ya chini ya bawa la turbini nayo ibaki angalau mita 22 juu ya wastani wa maji makubwa, ili milingoti ya mashua ipite.

Kwenye hesabu za kugongana watu huchanganya vitu viwili. Tarehe 31 Januari 2022, mbele ya IJmuiden huko Uholanzi, meli Julietta D ilikokota nanga katika dhoruba, ikagongana na meli nyingine, mabaharia 18 wakatolewa kwa helikopta, na meli bila mtu ikasukumwa na upepo hadi ndani ya shamba la Hollandse Kust Zuid lililokuwa linajengwa na kugonga msingi. Aprili 2023 meli Petra L iligonga turbini ya shamba la Gode Wind 1 upande wa Ujerumani, lakini yenyewe ilikuwa inakwenda kwa injini yake, ikatoka na tundu kubwa ubavuni. Chombo kilichokufa injini na chombo kilichopotea njia vinahesabiwa mbalimbali, maana dawa zake hazifanani. Taa na alama zinamsaidia yule anayeendesha. Aliyekufa injini anasaidiwa na mahali ulipochagua kuweka jukwaa, na boti ya kumvuta. Kivu upepo wa kiangazi, Juni hadi Agosti, hutoka zaidi kusini-mashariki; jukwaa likikaa upande huo wa njia ya boti, boti iliyozima mota inasukumwa mbali nalo. Likikaa upande wa pili, boti inaletewa jukwaani na upepo. Kalamu moja tu kwenye ramani, haigharimu kitu kama imefanywa mapema.

Alama sasa. Turbini za baharini hupakwa manjano kuanzia usawa wa juu kabisa wa maji hadi mita 15. Zile za kwenye kona muhimu za shamba zinabeba taa za manjano zinazomweka pamoja, zionekane maili 5 za bahari, zikae angalau mita 6 juu ya maji na chini ya mzunguko wa mabawa. Hiyo ni kwa mujibu wa IALA, shirika la alama za majini. Jukwaa la gesi lina sheria tofauti: taa nyeupe inayomweka herufi U ya Morse, mbili fupi moja ndefu, kila sekunde 15 au chini, ionekane maili 10, na honi ya ukungu. Kivu hakuna kupwa na kujaa, kwa hiyo rangi ianzie kwenye kiwango cha juu cha ziwa kilichowahi kupimwa, si kiwango cha siku mnapopaka. Na taa nyeupe katikati ya taa za sambaza itapotea kama iko chini. Iwe juu, mita 12 au zaidi, na mdundo wake usibadilishwe na fundi yeyote.

Kinachowashtua wakandarasi ni upatikanaji wa taa. Taa za kona zinatakiwa ziwake asilimia 99.8 ya muda, ikipimwa kwa miaka mitatu. Piga hesabu: miaka mitatu ni saa 26,280; unaruhusiwa giza la saa 52 na nusu tu. Usiku wanne na kidogo, basi umeanguka. Mara nyingi kosa si la balbu: ndege wamechafua paneli ya jua, bateri haijai, taa inazimika saa tisa za usiku, na boti ya fundi haiwezi kutoka kwa sababu ya mawimbi. Ndiyo maana wanaopitisha wanauliza taa ya akiba iko ghala gani, nani anaona hitilafu na kwa njia gani, kabla hawajauliza taa ni ya kiwanda gani.

Kuhusu eneo la mita 500 la kukataza watu kuzunguka jukwaa: linatoka kifungu cha 60 cha mkataba wa sheria ya bahari, na mkataba huo haugusi Kivu. Hapa lazima liwekwe kwa sheria ya nchi, na kwa sababu ziwa ni la nchi mbili, Rwanda nao wajue. Alama za njia za maji za ndani ni kazi ya RVF (Régie des Voies Fluviales, shirika la serikali ya Kongo), kwa hiyo mpango wa taa na maboya uwafikie mapema, si siku ya kuzindua. Mita 500 pia huenda zisitoshe: nyaya za nanga kwenye kina cha mita mia tatu na zaidi zinatanuka mbali kuliko jukwaa lenyewe, na wavu wa sambaza ukizishika, ni mtumbwi unaoumia. Bomba la kupeleka gesi pwani lihesabiwe vilevile. Waingereza hawakubali kinga inayofunika kebo chini ya bahari ipunguze kina cha maji kwa zaidi ya asilimia 5.

Kuna hatari moja ambayo turbini hazina. Metani na taa ya moto ya mvuvi ni jirani wabaya, hiyo kila mtu anaona. Lakini kama mtambo unatoa CO2 (kaboni dioksidi) juu ya maji, usiku usio na upepo gesi hiyo inalala chini, sawasawa na mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua, tunayoyajua mitaani Goma, na mvuvi aliyejifunga kwenye mguu wa jukwaa apumzike amekaa humo humo. Mdomo wa bomba uwe juu, pima gesi kwenye usawa wa mtumbwi na si kwenye sakafu ya jukwaa, na ubao wa onyo uandikwe Kiswahili chenye neno mazuku. Kifaransa peke yake hakitamwamsha mtu.

Ukiwa na sehemu uliyokusudia, weka hapa viwianishi vyake (latitudo na longitudo) na idadi ya mitumbwi uliyoiona usiku wa giza, halafu tutaanza na njia za boti.