Baba na shangazi waliugua saratani: je, nami nikapime jeni?

Swali: Daktari, baba yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43, na anaendelea vizuri. Dada yake alifariki kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na 49. Mimi nina 28, nimeolewa, sina dalili yoyote. Nyumbani wanasema saratani hairithiwi, ni vyakula tu. Nikapime jeni?

Jibu: Dada, kwa wagonjwa wengi hawajakosea sana. Kwa ukoo wenu nisingewasikiliza. Kilichonishtua zaidi ni habari za shangazi: saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba zikikutana kwenye ukoo mmoja, tena kabla ya miaka 50, lazima tufikirie sindromu ya Lynch, yaani hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani hizo. Hiyo huchangia takriban saratani 3 kati ya 100 za utumbo mpana.

Kinachorithiwa si saratani yenyewe, ni nakala mbovu ya jeni mojawapo kati ya MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Jeni hizi husahihisha makosa seli inaponakili vinasaba vyake. Nakala nzima uliyopewa na mzazi mwingine huweza kuifanya kazi hiyo miaka mingi. Nayo ikija kuharibika ndani ya seli moja ya utumbo, makosa hurundikana upesi. Kama baba anayo, uwezekano wa kukurithisha ni nusu kwa nusu. Ila hazina ukali sawa: PMS2 ni nafuu sana kuliko MLH1 na MSH2.

Sasa, usianze na wewe. Anza na baba. Kipande cha uvimbe aliotolewa kwa kawaida huhifadhiwa maabara ya patholojia ndani ya nta. Mwombe daktari wake kipimo cha protini za jeni hizo nne. Ikikosekana ya MSH2, tuseme, damu ya baba itapimwa kutafuta hitilafu yenyewe, kisha wewe utapimwa hiyo moja tu, na jibu litakuwa unayo au huna. Ukitangulia wewe na majibu yakawa safi, hatutajua kama umenusurika au tumetafuta pasipo. Pia unaweza kuambiwa una badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Sisi Waafrika hukutana na jibu hilo mara nyingi zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejaa vinasaba vya Wazungu. Mtu asikupasue kwa jibu la namna hiyo.

Ukikutwa na MLH1 au MSH2 mbovu, kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, huanza kati ya miaka 20 na 25, kila mwaka mmoja au miwili, ili vinyama vinavyoota ndani ya utumbo viondolewe kabla havijageuka saratani. Kwa hiyo majibu ya baba yakisuasua, panga kolonoskopi ya kwanza sasa. Na ukitokwa damu nje ya siku zako, mwone daktari wa wanawake wiki hiyohiyo, umweleze na habari za shangazi.