Chaza wanafanana, mbona wanasema koo mbili?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nipo Jacksonville, Florida, kazi yangu kufungua chaza jikoni mgahawani. Wa Atlantiki na wa Ghuba ya Mexico wote wanapita mkononi kwangu na siwaoni tofauti. Mteja mmoja kaniambia kijenetiki hao ni koo mbili. Inakuwaje, na watoto wao si wanaelea tu baharini?

JIBU: Mteja kasema kweli, ila hata wataalamu walichelewa kuliona hilo. Chaza wenu ni Crassostrea virginica, jike mmoja anamwaga mayai mamilioni na vichanga vinaelea wiki mbili tatu ndo vigandie mahali, kwa hiyo ukiwaza harakaharaka utasema wamechanganyika wote toka Kanada hadi Texas. Na 1983 walipopima protini ndo ilivyoonekana, karibu kote sawasawa. Kuja 1990 watafiti wawili, Reeb na Avise, wakaangalia DNA ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, DNA ambayo mtoto anairithi kwa mama tu, aisee, wakakuta mpasuko mkubwa pwani ya mashariki ya Florida, kaskazini kivyake, Ghuba kivyake. Spishi ileile! Kilichobadilika ni alama waliyopimia, yaani kile kitu cha kurithi wanachokilinganisha chaza na chaza.

Ndo maana kwangu mimi kutengeneza alama ndo kazi yenyewe. Kwa maikrosatelaiti unasaka kwenye DNA sehemu zinazojirudia, CACACACA hivi, urefu wake unatofautiana chaza na chaza, unaunda praima, vipande vifupi vya DNA vya kushika huku na huku ya sehemu hiyo, PCR, mbinu ya maabara ya kunakili DNA, inazalisha nakala, unapima urefu. Kusema rahisi. Chaza DNA yao inabadilikabadilika mno hadi pale praima inapotakiwa kushika napo pamebadilika, haishiki, aleli moja, yaani nakala moja kati ya mbili za baba na mama, haionekani, wewe unaandika huyu karithi kitu kilekile kwa baba na kwa mama kumbe wapi, mwisho unatangaza wanazaana ndugu kwa ndugu. Dawa yake unapandisha dume na jike unaowajua, unapima na watoto, walichorithi kisipolingana na cha wazazi alama unaitupa, usiionee huruma.

Siku hizi wengi wamehamia kwenye snipu, herufi moja tu ya DNA iliyobadilika, unapima maelfu kwa mpigo, hasa tangu jenomu, yaani DNA nzima, ya chaza wa Pasifiki ilipotoka 2012.

Kuhusu kuelea, mkondo haumfikishi kichanga kila pahala, na akifika bado kuna joto na chumvi ya maji asiyoizoea. Na kuwatofautisha kwa macho hapo jikoni usijisumbue, ganda la chaza linafuata umbo la pale alipogandia.